Kaburi Niliyoazima

Nilimulilia mama yangu akiwa muzima, juu ya kaburi ya mama ya mwenzangu, mbele ya kamera, saa tatu ya asubuhi, tumbo yangu ikiwa imeshiba chai na mandazi. Huo ndio upumbavu wenyewe. Nauweka hapa mbele ili mutu asiseme nimeuficha katikati ya maneno mengi, kama vile siye wanafunzi tunafanya ku dissertation tukikosa jibu. Hakuna mutu alinilazimisha, wala hakuna aliyeshika fimbo. Waliuliza tu kama kuna mutu anaweza, na neno hilo halijawahi kunipita salama: ukiniuliza kama naweza kuruka mufereji, kabla hujamaliza kuuliza mimi niko ndani ya mufereji.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita simu ililia ku nyumba yetu. Ilikuwa watu wa Niania. Walisema Baba Gloire, baba ya yule mwenzangu, amekufa, malaria ilimupanda ku kichwa, na wamemuzika kule kule, juu siku hizi barabara ile hairudishe mutu Bunia, muzima ao maiti. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema "aya" mara mbili, akalaza simu juu ya meza, akakaa ku kiti kidogo ya jikoni na kufungua kitambaa ya kichwa. Mimi nilikuwa nasimama mulangoni na sahani mukononi. Muke wake, mwenye kaburi ile, analala hapa Bunia, ku makaburi yetu. Bwana sasa analala Niania. Kati yao kuna pori, kuna barrières, vizuizi vya watu wenye bunduki, na kuna mimi.

Mwaka ule wa kamera nilikuwa na miaka kumi na tano na kipaji kimoja, kulia. Si ile ya kukunja uso na kupiga kelele, hata mutoto wa maziwa anaijua. Mimi nilikuwa natoa machozi yenyewe, ya maji, jicho ya kushoto inatangulia na ya kuume inafuata kama muke aliyekasirika njiani. Prefe, mukubwa wa masomo yetu, mutu mwenye tumbo inaingia mu classe mbele ya mwenyewe, alinifukuza mara tatu mwaka ule na mara tatu alinirudisha, juu nilimulilia shangazi mugonjwa. Shangazi huyo hajawahi kuwako. Mara ya tatu Prefe alimuombea. Gloire, mwenzangu tuliyekaa naye banc moja mu classe, ndiye alikuwa anapima: kidole ku saa ya mukono, macho ku daftari, kiisha ananong'ona, "Sept secondes, saba nzima. Umeanza kuzeeka, Pacifique." Ndiyo, jina yangu ni Pacifique. Waliniita vile juu ya amani, na tangu nizaliwe amani haijapita kunisalimia. Gloire alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu, na mimi nilikuwa nafanya yote juu ya mabega yale.

Parseli yao, kiwanja ya nyumba yao, na yetu zilitenganishwa na parseli moja. Mama Gloire alikufa mwanzo wa mwaka ule. Ilikuwa ugonjwa wa ini: macho yaligeuka njano, akalala hospitali wiki mbili, kiisha basi. Hakuna mutu alimugusa kwa panga wala kwa risasi. Kilio ilifanyika palepale ku parseli yao, mutaa muzima ulikula pale, mama yangu alilala juu ya mukeka siku sita, na mimi nilibeba maji ya kuchanganya simiti ya kaburi. Simiti ikiwa bado mubichi, Gloire alileta sahani za mama yake, zile za buluu na maua, akazivunja moja moja kwa jiwe na kupanga vipande kuzunguka kaburi yote kama ukingo wa nguo. Alisema hataki mutu mwingine akulie mu sahani zile. Ilimuchukua saa mbili na hakuna mutu alimuharakisha. Kiisha Baba Gloire alitufundisha, siye wawili, tukiwa na simiti ku vidole: mutu akifika ku kaburi, mbele ya kulia, mbele ya kuomba, anasema jina yake kwanza. Ni mimi fulani, nimekuja. Mufu haone, alisema, lakini anasikia, na si heshima kumulilia mutu gizani bila kumuambia ni nani. Ninapaswa kusema pia kwamba wao ni wa upande moja na siye ni wa upande mwingine. Siandike makabila. Mutu wa Bunia ameisha kuelewa, na asiye wa Bunia haitamusaidia kitu.

Yaya Trésor, kaka mukubwa wa mutaa, alikuwa anapiga picha za ndoa na za pasipoti. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka ya dawa: kiti ya plastiki, pazia ya buluu ya kusimamisha watu mbele yake, ordinateur moja, kompyuta ya zamani, iliyofunikwa kitambaa ya kanisa, na kanapé yenye shimo ambalo mimi nililijua kwa matako. Nilikuwa naingia pale kila siku kutoka masomo, juu alikuwa na ventilateur ya kuleta upepo na hakuwa anafukuza mutu. Mwaka ule alikuwa ameacha ndoa. Muheshimiwa moja, mutu wa siasa, alimutuma mushauri wake, akasema anataka filme ya ukweli juu ya watu waliokimbia vijiji vyao, ipelekwe Kinshasa, wakubwa waione. Yaya Trésor hakulala kwa furaha. Mwezi muzima alienda mu kambi ya wakimbizi na kamera yake, na nilimufuata mara nyingi. Alikuwa anakaa chini, kamera ku magoti, hafanyi kitu. Wamama wanapanga bidon, madumu yao, ku bomba ya maji, anawaangalia. Muzee moja anashona viatu vya watu, yeye mwenyewe miguu mitupu, anamuangalia. Musichana anafundisha wadogo zake kuhesabu, anaandika na makaa juu ya bâche, turubai ya hema yao, na mama yake anagomba juu bâche inachafuka. Nilimuambia, "Yaya, filme yako inasinzia." Akanijibu bila kugeuka, "Documentaire ni kuvumilia. Unamuangalia mutu mpaka anachoka kukuonyesha kitu. Pale ndiyo anaanza kuwa yeye." Niliona ni maneno ya mutu asiyekula asubuhi. Leo nayafikiri karibu kila siku, na inaniudhi, juu si vizuri mutu wa vichekesho kuwa na maneno ya kufikiri.

Siku mushauri alikuja kuangalia kazi, mimi nilikuwa nyuma ya pazia ya buluu, nimelala, viatu juu ya kiti ya wateja. Nilimujua kwa sauti ya viatu vyake. Katika vumbi ya Bunia mutu mwenye viatu vinavyolia anatembea na musafishaji ao na gari. Aliangalia filme kimya. Kiisha nikasikia anakohoa.

"Ni vizuri. Ni vizuri sana. Wamama wanachota maji. Kiisha?"

"Kiisha wanarudi nayo," Trésor akasema.

"Trésor, ndugu yangu. Hapa ndani mubaya ni nani?"

"Hakuna. Ni maisha ya watu."

"Maisha ya watu, hata wa Kinshasa wanayo. Muheshimiwa anataka mutu akiangalia, hasira imuondoe ku kiti. Nani atasimama kwa sababu ya bidon?"

"Ni documentaire, mushauri. Sikuwaambia watu nini wafanye."

"Sijasema uwaambie. Sikia. Watu wamekufa ao hawakufa?"

"Wamekufa."

"Watoto wao wanalia ao hawalie?"

"Wanalia."

"Sasa uongo uko wapi? Kitu iko, imetawanyika tu. Weye unakusanya. Nipe mutoto mumoja, kaburi moja, machozi ya dakika moja. Zile bidon zako zote utaziacha, sitagusa hata moja."

Ventilateur ilikuwa inazunguka. Sijui Trésor angejibu nini. Pengine angesema hapana, na mimi nataka kuamini angesema hapana. Lakini nyuma ya pazia kulikuwa mutu aliyesikia mambo mawili tu, mutoto na machozi, na mutu huyo aliona ulimwengu hatimaye umefika kumutafuta. Nilitoka nikiwa nimeanza kulia. Nilisimama mbele ya viatu vile, jicho ya kushoto mbele, ya kuume nyuma, nikasema, "Muzee, nisaidie, mimi ni yatima." Mushauri alishika kifua. Kiisha Trésor akasema, "Mama yake anauza samaki za makayabu ku soko, nilikula kwake jana," na mushauri akacheka mpaka akakaa ku kanapé, ndani ya shimo. Alipoacha kucheka alimuangalia Trésor, akaninyooshea kidole: mutoto alikuwa amepatikana.

Kaburi nilichagua mimi. Nilichagua vile mutu anachagua shati: niliwaza ile yenye sahani, juu asubuhi jua linapiga vipande na yote inawaka. Trésor aliuliza, "Wenyewe wanajua?" Nikajibu, "Ni ya kwetu," na maneno yale yalinitoka bila kugonga meno. Alisogeza kamera ili jina ku musalaba lisionekane. Nilipiga magoti. Sikusema jina yangu. Nilisema, "Mama, wale waliokuua wako wanatembea, na mimi nitakula kwa nani?" Maneno yote niliyatunga pale pale, na hata sasa aibu yangu ina sehemu ndogo inayosema yalikuwa mazuri. Machozi yalikuja mbele ya sekunde tano. Niliwaza, Gloire angekuwa hapa angenipa record. Niliwaza kweli hivyo, nikiwa na magoti juu ya mama yake. Kisha Trésor alizima kamera na hakunisifu. Alikaa ku kaburi ya jirani, akafuta kioo ya kamera muda murefu kuliko inavyohitaji. Nilimuambia usijali, filme inaenda Kinshasa, nani wa hapa ataiona. Hilo ndilo kosa letu siye watu wa hapa: tunadhani kitu kikienda Kinshasa hakirudi tena.

Kilirudi mu simu. Miezi miwili ilipita, kiisha jumamosi moja mama alikuwa anafua mbele ya nyumba, povu mpaka ku viwiko, na mimi nilikuwa namwaga maji machafu. Tukasikia kilio kinatoka barabarani. Wamama saba ao nane wa chapelle, kanisa ndogo ya ng'ambo ya muto, ambao mama alikuwa anaimba nao zamani, waliingia ku parseli na kuni juu ya kichwa, unga ya muhogo, maharagi, moja na bidon ya mafuta. Wa mbele alikuwa analia macho yamefungwa na akakanyaga ndani ya basini ya mama. Akafungua macho. Kuni zikamuanguka.

"Munakuja kulilia nani?" mama akauliza.

"Mama Pacifique."

"Ni mimi."

Kuku alipita katikati yao. Kiisha mama akapangusa mikono ku kitenge na kusema, "Basi ingieni, mukae." Juu kwetu kitu kikifika ku kilio hakirudi ku nyumba kilikotoka, ukikirudisha, unabeba musiba unaupeleka kwako. Kuni zilibaki, unga ulibaki, maharagi yalibaki, na mama yangu aliwasha moto akapika chakula ya kilio yake mwenyewe. Nilichota maji bila kutumwa. Walikula wote, mama moja muzee akasema, "Kwa mutu aliyekufa, chumvi yake iko sawa," wakacheka mpaka wakapiga makofi, wakafuta machozi yale yale waliyokuja nayo. Mama alitabasamu, lakini sahani yake hakuigusa. Pale ndiyo moja wao alitoa simu na kusema, "Lakini mutoto ni huyu wako, angalia." Mama aliangalia. Akaomba irudishwe mwanzo. Mara ya pili hakuangalia uso wangu, niliona macho yake yanashuka chini ya picha. "Hizi sahani ni za Mama Gloire," alisema, polepole, kama mutu anayesoma jina ku bahasha. Mu simu sauti moja munene, ya mutu nisiyemujua, ilikuwa inaongea juu ya kilio yangu. Ilisema waliomuua mama ya mutoto huyu tunaishi nao, wanauza ku soko letu, wanasoma na watoto wetu, na ikataja kabila yao bila kumung'unya. Ilikuwa kabila ya Mama Gloire mwenyewe. Mama aliyekufa kwa ini, ndani ya kaburi yake, alikuwa anashitaki ndugu zake.

Jumatatu Gloire alikuwa ameisha kuiona. Alikuwa amekaa ku banc yetu, mukoba magotini, na classe nzima ilikuwa inajifanya kusoma. Nilikuwa nimetayarisha kichekesho njiani, nilikuwa nimetayarisha viwili. Yeye alitangulia kuongea.

"Ile ni kaburi ya mama."

"Gloire, ilikuwa filme tu."

"Ulimuambia ni weye?"

Sikuelewa haraka. "Kumuambia nani?"

"Mama. Ulipofika. Ulisema jina yako?"

Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akachukua mukoba, akaenda kukaa ku banc ya nyuma karibu na dirisha isiyo na kioo, mahali mvua inapiga. Nilitegemea anipige. Nilijua namna ya kupigwa: unaanguka vibaya, unachechemea, watu wanacheka, kiisha munakunywa maji pamoja. Kwa lile alilonifanyia sikuwa na kichekesho.

Baba Gloire alikuwa fundi wa nguo. Mashine yake ilikaa chini ya bati mbele ya parseli, na uniformes za nusu ya shule yetu zilitoka pale. Wiki ile ya kwanza watu walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Hawakugomba. Walisema tu, "Baba Gloire, tutarudi," na kuondoka na kitambaa kwapani. Wiki ya pili vijana nisiowajua walipita na pikipiki mbele ya mulango yao wakipunguza mwendo. Kiisha jiwe juu ya bati mchana, kiisha neno la makaa ku ukuta, ambalo Baba Gloire alifuta kwa maji na kitambaa ya buluu ya uniforme. Hata mutu mujinga aliona sasa swali ni moja: familia ile itabaki mu mutaa wetu ao haitabaki. Na jibu, niliwaza, iko mu kinywa yangu. Nilianza uongo mimi, nitaumaliza mimi. Kichwa ya miaka kumi na tano inaamini uongo ni bomba, aliyefungua ndiye anafunga.

Nilienda ku parking ya motari, wale wa pikipiki za kubeba watu, pale watu wanasimama wengi. Nilipanda juu ya caisse ya bière, sanduku ya chupa za pombe. Nikasema mama yangu ni muzima, muende muone anauza makayabu, ile kaburi ni ya Mama Gloire, alikufa na ini, mulikula ku kilio yake. Walianza kucheka mbele sijamaliza, juu walinijua. Moja akauliza, "Leo unacheza nani?" Mwingine, "Watu wa upande ule wamekununulia nini?" Nikasema tena, na pale machozi yakaja bila kuitwa, ku macho yote mawili mara moja, na makamasi. Motari wakatoa simu. "Angalia, angalia, ameanza. Tazama vile anaweza." Walikuwa wananipigia makofi. Jioni ile ile video ingine ilikuwa inazunguka: mimi juu ya caisse, sauti yangu imekatwa, na ile sauti munene juu yangu inasema mutoto yatima ametishwa, wanamulazimisha kukana damu ya mama yake.

Lakini kilichonishinda si motari. Ni watu wa mutaa wetu. Wao walijua. Walikuwa wamembeba Mama Gloire ku mabega, walikuwa wamekula ugali ya kilio yake. Niliwaambia moja moja, ku mulango, na kila moja alisema anajua. Mama moja, jirani wa katikati ya parseli zetu, mutu mwema, aliniambia huku anachambua lengalenga, "Ni kweli mwanangu, huyu hawakumuua. Lakini waliua wengine." Na simu yake ilikuwa pale karibu na mboga, ameisha kutuma ile video kwa dada zake. Nilidhani uongo unaishi juu watu hawajui ukweli. Hakuna mutu alikuwa amenifundisha kwamba unaweza kuishi ku meza moja na ukweli, wakila wote, bila kugombana.

Nilienda kwa Yaya Trésor. Alikuwa ameweka pazia ya buluu mbele ya mulango ili watu wadhani amefunga. Hakunifukuza. Aliwasha ordinateur na kunionyesha filme yake, ile nzima, wamama na bidon, muzee na viatu, musichana na makaa, na nikaiona kwa mara ya kwanza bila kusinzia. Kiisha akaniwekea ile ya simu. Hakukuwa na bidon hata moja.

"Mwezi muzima nilipiga ukweli," akasema. "Uongo nilipiga dakika moja. Ni ile dakika walibakisha."

"Useme, Yaya. Uende ku radio useme."

"Nilienda. Waliniuliza, ni weye ulishika kamera? Nikasema ndiyo. Basi, wakasema, unalalamika nini."

Alifunika ordinateur na kile kitambaa ya kanisa, akakinyoosha pembe zote ine. Mwaka uliofuata alirudi kupiga ndoa, na sasa ukimuomba akupige ukicheka anakuambia ngoja, cheka kwanza, mimi nitaona.

Mama hakuwa amenipiga, hakuwa amenitukana. Tangu ile jumamosi alikuwa ananiambia tu kula, lala, chota maji. Kiisha, baada ya mambo ya motari, alifanya kitu kimoja. Aliacha soko. Kila asubuhi alibeba kiti kidogo na ungo, akaenda kukaa mbele ya parseli ya Baba Gloire, karibu na mashine, akichambua maharagi. Wale vijana wa pikipiki wakipunguza mwendo, anasimama, anawasalimia kwa sauti, anajitaja: "Ni mimi Mama Pacifique, yule aliyekufa." Wengine walicheka. Moja alimujibu, "Mama, siye tunakusaidia weye, na weye unatupinga." Alikaa pale siku kumi na moja. Baba Gloire alikuwa anashona kitu kimoja tu siku zile zote, anashona na kufumua, juu mashine ikinyamaza mutaa unasikia kwamba hana tena kazi. Walikuwa wanaongea kidogo, nilisikia nikileta chai. Alimuuliza, "Mama Pacifique, unachambua maharagi ya nani, kilo yote hii?" Mama akajibu, "Ni ile ya kilio yangu. Haiishe." Siku ya kumi na mbili jiwe lilimupata mudogo wake Gloire, yule musichana wa miaka ine, hapa juu ya sikio, na Baba Gloire akafungua bolts za mashine.

Lori ya Niania ilipakia asubuhi. Kule Baba Gloire alikuwa na kaka anayeuza vitu ku wachimba dhahabu, na wachimbaji, alisema, suruali zao zinapasuka kila siku, hawatauliza fundi ni wa upande gani. Mashine ilipandishwa kwanza, kiisha magodoro, kiisha mutoto na bandage ku kichwa. Nilisimama karibu na gurudumu. Nilimuambia Gloire kwamba kule Niania atakuwa wa kwanza mu classe, juu wengine wote watakuwa shimoni. Nilingoja mabega. Aliniangalia kama mutu anaangalia televizo ya dukani, ile isiyo yake, kiisha akapanda. Baba Gloire alishika mikono miwili ya mama yangu. "Mutubakilie na ule wetu wa ku makaburi," akasema, na mama akasema, "Nitabaki naye." Amebaki naye. Tunalima majani pale kila mwezi, na mimi nasema jina yangu kabla ya kupiga jembe. Wiki iliyopita, baada ya ile simu, mama alienda peke yake ku kaburi kumupasha Mama Gloire habari ya bwana yake. Sijui alimuambiaje. Alirudi na udongo ku magoti.

Lakini asubuhi ile ya lori, vumbi ilipolala, tulirudi ku nyumba siye wawili. Mama aliweka maji ku moto akaanza kumenya makemba, ndizi za kupika. Mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na nikaanza kulia. Hakuna aliyepima. Ilikuwa sauti nisiyoijua, inatoka chini, mubaya, na makamasi, na mikono haikujua iende wapi. Mama alimenya moja, akamenya ya pili, akaitia ndani ya maji. Kiisha akaweka kisu chini na kuniangalia muda murefu, na alichosema ndicho hiki, sikuongeza na sikupunguza:

"Mu ile filme ulilia muzuri, Pacifique. Siku mimi nitakufa kweli, weye usilie. Watu watasema ni filme ingine."